Folda za "muda" Ambazo Hazikufika: Uchambuzi wa Kisa cha Sheria za Kupuuza Faili

Usuli

Kisa hiki kilitokea Mombasa, katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha ambayo kazi yake ni kuwatolea wateja mizigo katika bandari ya Kilindini, mingine ikibaki hapa nchini na mingine ikipita kwenda Uganda, Rwanda na Sudan Kusini. Majina ya kampuni, wateja na watumishi yameondolewa, namba za kazi zimebadilishwa, na muundo wa folda umepunguzwa hadi sehemu zinazohusika tu. Sheria zenyewe nimeziacha jinsi zilivyokuwa, kwa sababu kisa chote kimo ndani ya herufi chache za sheria hizo. Mimi nilikuwa mmoja wa watu watatu waliotengeneza programu inayozungumziwa hapa, na nilishiriki katika maamuzi yaliyofaa na katika yale yaliyoleta hasara.

Kila shehena ilikuwa na folda yake kwenye kompyuta kuu ya ofisi. Humo mlikuwa na ankara, hati ya shehena, tamko la forodha, stakabadhi za malipo, na folda ndogo iliyoitwa `muda`. Katika folda hiyo ndogo makarani waliweka ushahidi wa tarehe: meli ilifunga gati lini, kontena lilishushwa lini, lilitoka langoni lini, na lilirudishwa tupu lini. Mtu aliyefanya kazi bandarini anaujua uzito wa tarehe hizo. Kampuni ya meli hutoa siku kadhaa za bure, na zikishapita, ada ya ucheleweshaji huanza kuhesabiwa siku kwa siku. Ukizuka mzozo kuhusu ada hiyo, huamuliwa kwa karatasi zenye tarehe, wala si kwa kumbukumbu ya mtu.

Programu yetu ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilipita kila usiku katika folda zote za kazi na kunakili faili mpya kwenye seva iliyo nje ya ofisi. Ya pili ilifanya kazi mwisho wa juma: iliondoa kwenye kompyuta ya ofisi folda za shehena zilizopitisha siku 90, mradi ripoti ya kunakili ionyeshe kwamba shehena hiyo ilikuwa imekamilika bila hitilafu. Tuliiandika kwa lugha ya programu ya JavaScript ikiendeshwa na Node.js, na kwa kazi ya kuamua faili zipi ziachwe tulitumia maktaba (msimbo uliokwisha andikwa na wengine) iitwayo `ignore`, ambayo husoma sheria za mtindo ule ule wa faili ya `.gitignore` inayotumiwa na Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo. Tangu Linus Torvalds alipoanzisha Git mwaka 2005, sheria hizo zimeazimwa na zana nyingi mno, hata watengenezaji programu huziandika bila kufungua maelezo yake. Nasi tulizichagua kwa sababu hiyo hiyo: kila mmoja wetu aliamini kwamba anazijua.

Sheria ya kwanza na mwandishi wake

Muundo wa folda, ukifupishwa, ulikuwa hivi:

```
kazi/
  muda/
  wateja/
    M-014/
      shehena-07/
        ankara.pdf
        hati.pdf
        skani/
        muda/
          kuingia.pdf
          kutoka.pdf
```

Na faili ya sheria ilikuwa hivi:

```
# vitu visivyohitaji kunakiliwa
muda
skani/
*.tmp
~$*
Thumbs.db
```

Msomaji ataona kwamba kuna folda mbili zenye jina moja. Ile `muda` iliyo juu kabisa, chini ya `kazi`, ilikuwa ya programu ya skana, ambayo iliweka humo picha za kupita kabla hazijageuzwa kuwa PDF. Hizo ndizo tunazoziita faili za muda. Ile `muda` iliyo ndani ya shehena ilikuwa ya makarani, nao walimaanisha muda wa kontena. Neno ni moja na maana zote mbili ni sahihi. Karani hakukosea kuliita jambo hilo kwa jina lake, wala mtengenezaji programu hakukosea kuziita takataka zake kwa jina la kawaida. Kosa lilizaliwa pale majina hayo mawili yalipokutana katika mstari mmoja wa sheria usioweza kuyatofautisha.

Katika sheria za mtindo wa Git, jina lililoandikwa bila mkwaju (`/`) mwanzoni wala katikati hulingana na kitu chochote chenye jina hilo, katika kina chochote chini ya mahali ilipo faili ya sheria. Kwa hiyo `muda` haikumaanisha "folda ya muda iliyo hapa juu". Ilimaanisha "faili au folda yoyote iitwayo muda, popote ilipo". Ni jina zima linalolinganishwa, si kipande cha jina. Faili kama `muda-wa-kazi.pdf` isingeguswa. Lakini folda `wateja/M-014/shehena-07/muda` ilinaswa barabara, pamoja na kila folda ya aina hiyo katika kila shehena.

Tulipomuuliza mwenzetu aliyeandika mstari huo, alitoa sababu ambayo naiona ya kweli na yenye funzo. Alikuwa amefanya kazi kwa miaka kadhaa na Docker, zana ya kufungasha programu ziendeshwe popote, na katika faili ya `.dockerignore` jina tupu kama `muda` huhesabiwa kuanzia mzizi wa folda inayojengwa tu. Anayetaka kila kina hulazimika kuandika `**/muda`, ambapo vinyota viwili husimama badala ya folda za kina chochote. Faili hizo mbili zinafanana sura, zinatumia kinyota kile kile na alama ile ile ya mshangao, na majina yake yanakaribia kuwa mamoja, lakini jina tupu katika moja lina maana nyembamba na katika nyingine lina maana pana. Aliandika Kidocker, maktaba ikasoma Kigit. Mimi niliyeipitia kazi yake nilizoea Git, nikausoma mstari ule kwa maana yake pana, na nikaupitisha kwa kuwa sikujua kwamba makarani wana folda zenye jina hilo. Kila mmoja alikuwa na nusu ya habari.

Mfuatano wa matukio

Kwa takriban miezi minne ripoti ya kila asubuhi ilionyesha idadi ya faili zilizonakiliwa na hitilafu sifuri. Ripoti hiyo haikusema uongo. Faili iliyopuuzwa si faili iliyoshindwa kunakiliwa, na kwa jinsi tulivyoiandika, haikuhesabiwa mahali popote.

Jambo lilifichuka pale mteja mmoja alipobishana na kampuni ya meli kuhusu siku ambazo kontena lake lilikaa kabla ya kurudishwa tupu. Karani alitafuta karatasi za tarehe kwenye kompyuta ya ofisi, na folda ya shehena ilikuwa imekwisha kuondolewa kwa kuwa ilipitisha siku 90. Alipofungua seva aliikuta ankara, akaikuta hati ya shehena, lakini folda ya `muda` haikuwapo.

Siku mbili za kwanza ndizo ninazozijutia zaidi. Uongozi wa ofisi ulidhani makarani hawakuwa wamepiga skani karatasi zile, nasi tulitilia nguvu dhana hiyo kwa kuonyesha ripoti yetu yenye sifuri safu nzima. Tulikuwa tunatetea namba badala ya kumsikiliza mtu aliyefanya kazi na folda hizo kila siku. Karani mkuu, mama wa makamo aliyekaa katika kazi hiyo muda mrefu kuliko sisi sote, hakugombana na mtu. Alikaa na orodha ya seva asubuhi nzima, kisha akamwita kijana wetu na kumwambia: "Mwanangu, hebu tazama. Folda ya skani yaja tupu, lakini ya muda haiji kabisa. Hiyo si moja."

Hiyo kweli haikuwa moja, na katika sentensi hiyo mlikuwa na uchunguzi wote. Sheria ya `skani/` ina mkwaju mwishoni, maana yake inahusu folda tu. Maktaba ya `ignore` haifungui diski kutazama. Inapokea njia ya faili kama maandishi matupu, na haiwezi kujua kwamba `shehena-07/skani` ni folda isipokuwa aliyeiuliza ameandika `shehena-07/skani/`. Programu yetu haikuuongeza mkwaju huo. Kwa hiyo ilipouliza kuhusu folda ya skani iliambiwa haipuuzwi, ikaiunda kwenye seva na kuingia ndani. Ilipouliza kuhusu faili zilizomo, maktaba iliipima kwanza folda mzazi, safari hii ikiwa na mkwaju wake, na ikazikataa zote. Ndiyo sababu folda ilifika tupu. Sheria ya `muda`, isiyo na mkwaju, iliikamata folda yenyewe mlangoni, na programu haikuingia wala kuunda kitu. Folda hizo tupu zilikuwa zikionekana kwenye seva tangu juma la kwanza, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza zimetoka wapi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuisimamisha sehemu ya kuondoa faili kabla ya kujua chanzo. Tuliuchukua ndani ya saa moja baada ya maneno ya karani, na ndio uliookoa kilichobaki: folda zote za chini ya siku 90 zilikuwa bado ziko kwenye kompyuta ya ofisi.

Uamuzi wa pili ulikuwa mbaya. Kijana wetu aliongeza mstari mwishoni mwa sheria:

```
!wateja/**/muda/*.pdf
```

Alama ya mshangao hurudisha kilichoondolewa na sheria iliyotangulia, na kati ya sheria zinazolingana na njia moja, ya mwisho ndiyo inayoshinda. Kabla ya kuutuma mstari huo aliujaribu kwa mfano mwepesi: aliweka `*.tmp` kisha `!muhimu.tmp`, na `muhimu.tmp` ikarudi. Akahitimisha kwamba urudishaji unafanya kazi. Jaribio lilikuwa sahihi, ila halikufanana na tatizo. Katika mfano wake faili ilizuiwa yenyewe. Katika hali yetu kilichozuiwa kilikuwa folda iliyoibeba. Maelezo ya Git yanasema wazi kwamba faili haiwezi kurudishwa ikiwa folda mzazi imeondolewa, na maktaba ya `ignore` hufuata kanuni hiyo hiyo. Hata kama isingeifuata, programu yetu haikuwa ikiingia katika folda iliyopuuzwa, kwa hiyo isingeziona kamwe hizo PDF ili iziulizie. Usiku huo ripoti ilionyesha hitilafu sifuri, na tulipofungua seva asubuhi hakukuwa na folda ya `muda` hata moja.

Hapo ndipo tulipoacha kubahatisha. Tuliunda ghala tupu la Git kwa ajili ya majaribio, tukanakili humo sheria zetu, na kuuliza njia moja moja kwa amri inayotaja sheria iliyohusika:

```
git check-ignore -v wateja/M-014/shehena-07/muda/kuingia.pdf
```

Jibu lilitaja faili ya sheria, mstari wa 2, na neno `muda`. Ilichukua dakika chache kuthibitisha jambo tulilolibishania siku mbili. Amri hii inastahili kujulikana na kila anayeandika sheria za namna hii, hata kama mradi wake hautumii Git kwa kazi nyingine yoyote.

Jaribio hilo lilitufunulia pia jambo ambalo hatukulitafuta. Karani mmoja, katika kuhangaika, alikuwa amezibadilisha folda mbili jina na kuziita `MUDA`, na bado hazikufika kwenye seva. Git kwenye mashine yetu ya Linux ilisema `MUDA` haipuuzwi. Maktaba yetu ilisema inapuuzwa. Tofauti ilikuwa kwamba maktaba ya `ignore`, isipoambiwa vinginevyo, haitofautishi herufi kubwa na ndogo, ilhali Git kwenye Linux kwa kawaida huzitofautisha. Zana mbili zinazosoma lugha moja zilitoa majibu mawili, na zote zilikuwa zikifuata maelezo yake.

Tulipokaa kuchagua suluhisho, njia tatu ziliwekwa mezani. Ya kwanza ilikuwa kuwaomba makarani wabadilishe jina la folda zao. Tuliikataa, kwa kuwa ingewatwika mzigo wa kosa letu, na siku karani mgeni atakapoandika `muda` kwa mazoea, hasara ingerudi kimyakimya. Ya pili ilikuwa kugeuza mtindo mzima: kupuuza kila kitu, kisha kuruhusu folda zote na aina fulani za faili tu.

```
*
!*/
!*.pdf
```

Mtindo huu unavutia kwa ufupi wake na una mahali pake panapofaa, lakini kwa nakala rudufu niliupinga, na bado naupinga. Makarani hupokea picha za lakiri za kontena zilizopigwa kwa simu na majedwali kutoka kwa wateja, na kesho wanaweza kupokea aina ya faili ambayo leo hatujaifikiria. Kila kipya kingeachwa hadi mtu akumbuke kukiruhusu. Zaidi ya hayo, kwa programu isiyoongeza mkwaju kwenye folda, `wateja` ingelingana na `*` wala isingelingana na `!*/`, na usiku huo hakuna kitu ambacho kingenakiliwa.

Tukabaki na ya tatu: kuufunga mstari mahali pake, na kuirekebisha programu iwe inaiuliza maktaba ipasavyo. `muda` ikawa `/muda/`, ambapo mkwaju wa mwanzo unaifungia sheria kwenye folda iliyo na faili ya sheria, na wa mwisho unaifanya ihusu folda peke yake. Mstari wa kijana wetu ulifutwa. Mwenzetu alipendekeza tuiache `muda` na kuiongezea `!wateja/**/muda`, na kiufundi hilo lingefanya kazi kwa kuwa linairudisha folda yenyewe. Tulilikataa kwa sababu lingeacha sheria pana iliyokosewa ikisimama juu ya kiraka. Katika programu, badiliko lilikuwa mstari mmoja:

```
const njia = kitu.isDirectory() ? jina + '/' : jina;
```

Vilevile tuliiambia maktaba itofautishe herufi kubwa na ndogo, kwa chaguo lake la `ignorecase`. Matokeo yake ni kwamba `thumbs.db` iliyoandikwa kwa herufi ndogo sasa hunakiliwa bure. Tuliukubali uzito huo bila kusita: takataka iliyonakiliwa hugharimu nafasi kidogo, na karatasi isiyonakiliwa humgharimu mteja fedha.

Matokeo

Usiku wa kwanza baada ya marekebisho, folda za `muda` za shehena zote zilizokuwa bado ofisini zilifika kwenye seva, na folda tupu za skani hazikuundwa tena. Kwa shehena zilizokuwa zimeondolewa, makarani walirudi kwenye majalada ya karatasi, barua pepe na picha zilizobaki kwenye simu za madereva, na walipata sehemu kubwa ya tarehe. Hawakupata zote. Mteja aliyeanzisha jambo hili hakuweza kuthibitisha siku zake, na kampuni ya uwakala ilibeba sehemu ya ada yake. Uongozi uliwaomba makarani radhi, nasi tuliwaomba radhi mbele ya uongozi, kwa kuwa ni ripoti yetu iliyowatia hatiani.

Uchambuzi

Sheria iliyokosewa ilikuwa kosa dogo, la aina inayoweza kumpata mtu yeyote. Kilicholigeuza kuwa hasara ni kwamba kupuuzwa kwa faili hakukuonekana mahali popote. Maktaba yenyewe ina tabia nzuri upande huu: ukiipa njia inayoanza na `/`, `./` au `../`, haikisii ulichokusudia bali hutupa hitilafu na kusimama, kwa kuwa inataka njia iliyopimwa kuanzia mzizi. Programu yetu ilifanya kinyume. Ilikutana na folda nzima, ikaamua kuiacha, na haikumwambia mtu. Sasa ripoti ya asubuhi ina safu ya vilivyopuuzwa, vikipangwa kwa folda, na folda inayopuuzwa kwa mara ya kwanza huandikwa juu kabisa ili ionekane kabla ya namba nyingine zote.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa kuziunganisha sehemu mbili za programu kwa neno moja, "imekamilika". Kwa sehemu ya kunakili, neno hilo lilimaanisha kwamba kila kilichojaribiwa kilifaulu. Sehemu ya kuondoa ilielewa kwamba kila kilichomo kimehifadhiwa. Sheria ya kupuuza iliingia katika pengo hilo: "usinakili" ikageuka kuwa "futa", bila mtu yeyote kuamua hivyo. Sehemu ya kuondoa imeandikwa upya. Hupita faili kwa faili, hulinganisha alama ya hesabu ya yaliyomo kati ya ofisi na seva, na huondoa ile tu iliyoikuta upande wa pili. Faili iliyopuuzwa hubaki ofisini hadi mtu aiondoe kwa mkono wake.

Kilichofanya kazi vizuri ni kusimamisha ufutaji mapema, kuzipima sheria kwa zana nyingine inayotaja mstari husika, na, juu ya yote, jicho la karani. Yeye hakujua Node.js wala kinyota, lakini alizijua folda zake, na alitambua kwamba kufika tupu na kutofika ni mambo mawili. Kama tungeketi naye siku tulipoandika sheria, swali moja, yaani folda zenu mnaziitaje, lingetosha.

Sasa kuna faili ya majaribio inayoendeshwa kabla ya sheria yoyote kubadilishwa. Ina safu mbili: njia ya faili, na neno "nakili" au "acha". Mistari ya kwanza iliandikwa na karani mkuu kwa majina halisi anayoyatumia, pamoja na folda zenye nafasi katika jina na zile za herufi kubwa, na kila anapobuni jina jipya la folda hututumia mstari wake nasi tunauongeza. Wa kwanza kabisa katika orodha ni `wateja/M-014/shehena-07/muda/kuingia.pdf`, na mbele yake limeandikwa "nakili".